Jenereta la Bwana Yaarub na Taa Moja ya Mchana

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akiwasha taa mchana kweupe, nje, juani, halafu akaketi kitini kusubiri sifa, basi hujafika Kigombe. Au umefika, ila hukupita mbele ya nyumba ya Bwana Yaarub siku ya Ijumaa.

Mimi nilipita kila Ijumaa kwa sababu sina njia nyingine. Naitwa Zuwena. Ni mpangaji wa chumba cha uani katika nyumba hiyohiyo, nauza pweza na samaki wa kukaanga, na friza langu dogo liko nyuma ya mlango. Kati ya kitanda changu na banda la jenereta pana ukuta mmoja tu. Kwa hiyo mkinisikia naongea kwa kelele msiseme nina ukorofi. Ni masikio.

Bwana Yaarub ni mtu wa makamo yaliyopitiliza, mwembamba, kofia yake safi, ndevu zimechanwa. Mababu zake walitoka Omani wakawa na minazi huko Mwera, minazi ambayo kwa maneno yake haikuwa na idadi. Idadi ilikuwepo, maana iliuzwa shamba baada ya shamba mpaka ikaisha. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa ghala la mkonge mpaka akastaafu, lakini jaribu kumwita karani, utasalimia wiki nzima hujibiwi. Yeye ni mwenye mali. Mali yenyewe tunaitafuta mpaka leo.

Kilichobaki ni nyumba, ya mawe, yenye kisima uani na mlango wa nakshi ulioliwa na mchwa upande mmoja. Ni urithi wake yeye na mdogo wake Mutasim, aliyehamia Maskati zamani. Siku moja Mutasim akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu, na Yaarub kwa ujuzi wake wa simu akaufungulia wote tusikie mpaka barabarani. "Kaka, nyumba inaoza. Umeme leo upo kesho haupo, na pampu bila umeme haitoi maji. Tuuze, kila mtu achukue haki yake. Wewe na shemeji mtapata vyumba viwili Tanga mjini, mtapumzika."

Yaarub akajibu kwa hasira: njoo ukae, uone kama inaoza. Mutasim naye akasema sawa. Atakuja akipata nafasi, atakaa wiki moja. Akikaa kama binadamu, kwa maji na taa, hauzi. Akishindwa, anauza, na asilaumiwe.

Bi Shamsiya, mke wa Yaarub, alikuwa anachambua mchele. Aliuacha ungo chini akalia palepale. Aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi, amezaa humo, na humo ndimo alimotolewa mwanawe wa pekee kupelekwa makaburini. Utamwambia nini mwanamke huyo kuhusu vyumba viwili Tanga mjini? Na mimi nikajipigia hesabu yangu kimyakimya. Tajiri gani atanunua nyumba ya mawe karibu na pwani, halafu amwache muuza pweza uani?

Basi, kwa kuwa nyumba ilikuwa inataka umeme wa uhakika, Bwana Yaarub akafanya jambo ambalo mtu mwenye akili zake angelifanya kwa kununua kijijenereta cha dukani. Yeye akaenda kununua la jeshi.

Alilipata Tanga, kwa mfanyabiashara mmoja anayeleta mali chakavu za majeshi ya Ulaya: mahema yaliyotoboka, mabuti ya mguu mmoja, na hilo dude. Lilifika Kigombe juu ya lori la mchanga, la kijani, limeandikwa maneno meupe ya lugha asiyoijua mtu yeyote isipokuwa Yaarub, ambaye aliyasoma yote. Neno lililokuwa karibu na kifuniko cha tanki alitufasiria kuwa ni "imara". Baadaye fundi alisema ni "dizeli". Haya.

Mtendaji wa kijiji alifika kabla vumbi la lori halijatua, akasema rangi ya jeshi haikai uani kwa raia. Yaarub akataja babu zake, mtendaji akataja polisi, mazungumzo yakaisha. Rangi iliyopatikana siku ile ilikuwa iliyobaki kwa mafundi wa mashua, buluu ya mbingu na waridi kidogo. Ndivyo chombo cha vita kilivyovishwa nguo za harusi.

Sasa nitasema kweli, ingawa sipendi: mtu yule alifanya kazi. Alivua kofia, Yaarub huyu ninayemjua mimi, akalala chini ya dude lile mgongo mchangani. Kwenye filta ya hewa alikuta kiota cha panya wa Ulaya, marehemu yeye na ukoo wake. Tankini dizeli ya zamani ilikuwa imeganda mfano wa uji wa ulezi, akaichota yote kwa kikombe cha kahawa cha Bi Shamsiya, kile cha kabatini, cha wageni. Siku hiyo hakupewa chakula. Akanunua betri moja, ya gari lililopinduka Tongoni, dude likakoroma mara moja likanyamaza. Alipomaliza kulitukana kwa Kiarabu akaenda kumwita fundi.

Fundi ni Godlisten, Mchaga wa Tanga mjini, mwenye mdomo kuliko spana. Kila akija alianza kwa kutukumbusha kwamba bila yeye mkoa mzima ungekuwa gizani. Lakini alijua alichokishika. Akasema mashine za jeshi huwashwa kwa betri mbili, siyo moja. Akafungua nozeli akazisafisha, akabadilisha gasketi, akatoa hewa kwenye mipira ya dizeli. Wakahangaika wote wawili, kuja na kurudi, mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Alasiri moja dude likakohoa, likatoa moshi mweupe, likanguruma. Bi Shamsiya akapiga vigelegele. Mimi nikatoka mbio na kijiko cha kukaangia mkononi nikidhani ukuta unaanguka.

Godlisten akanawa mikono, akamwambia, "Mzee, nisikilize. Injini ya dizeli ni punda. Ipe mzigo. Usiwe unaiwasha tupu tupu."

"Inshaallah," akajibu Yaarub. Ile inshaallah yetu ya kumfanya mgeni aende zake.

Maana Yaarub alikuwa na elimu yake nyingine, na elimu hiyo ilihusu jicho. Siku dude lilipofika, jirani yetu Jumbe, mnunuzi wa samaki mwenye mafriza makubwa manne, alitoka nje akashika kiuno akasema, "Lo! Dude lote hili la mtu mmoja!" Hakusema mashaallah. Haukupita muda betri ikafa. Ile betri ya Tongoni ilikufa gari lilipopinduka, hata kuku wangu wanajua, lakini nani atamwambia Yaarub? Kwake yeye kesi ilikwisha. Jumbe ana jicho, kijiji kina husuda, na jenereta ni lazima lilindwe.

Likalindwa. Likafungwa hirizi kwenye rejeta. Likafunikwa blanketi zito la Maskati, lile ambalo mimi nikiwa na homa sikupewa. Na Ijumaa, watu wakitoka msikitini, ndipo lilipoonyeshwa. Bi Shamsiya alizunguka na chetezo cha ubani, Yaarub akafunua blanketi, akawasha, na pale barazani ikawaka taa moja. Moja! Kwenye jua la saa saba! Yeye kitini, anahesabu nani kasema mashaallah na nani kakaa kimya. Baada ya muda wa kunywa kahawa, anazima, anafunika, mpaka Ijumaa nyingine.

Na umeme ukikatika? Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Umeme ukikatika kijiji kizima kilikaa gizani, na sisi wenye jenereta tukakaa gizani pamoja nao, kwa ajili ya mshikamano. Nilimwendea mara moja na waya mkononi, pweza wangu wameanza kulainika, nikamwomba kwa adabu zote.

"Zuwena binti yangu," akaniambia, "mashine imetoka kuumwa. Isichoshwe kabla Mutasim hajaja."

"Imetoka kuumwa lini, Bwana Yaarub? Imepona mwaka jana!"

"Na ukimpa mtu waya," akaendelea hana habari na mimi, "umempa na jicho lake njia ya kuingilia. Leo wewe, kesho Jumbe."

Pweza wakaoza. Sikumsemesha mpaka nilipochoka mwenyewe. Hata Bi Shamsiya alimwambia, "Yaarub, unafuga jenereta au unamweka mwali ndani?" Naye akasema mwali hutolewa siku yake.

Siku yake ikafika. Mutasim alishuka kwenye gari la kukodi akinukia udi, kanzu nyeupe ya kukuumiza macho, masanduku mawili. Mtu mpole, tofauti na sauti yake ya kwenye simu. Aliniamkia hata mimi, akanipa tende. Umeme nao ukajitahidi siku za mwanzo, maji yakatoka, Bi Shamsiya akapika kila alichojua. Halafu upepo ukaangusha mti juu ya nguzo, waya zikalala chini, na pwani yote kuanzia Tongoni kuja kwetu ikawa haina umeme. Tukaambiwa tusubiri, neno ambalo wenye kulisema hawalitafsiri.

Mungu anisamehe, sijapata kumwona mtu akifurahia balaa namna ile. Yaarub alivaa koti juu ya kanzu. Ubani ukafukizwa mpaka tukapiga chafya. Blanketi likafunuliwa, mashine ikawashwa, taa ikawaka.

"Mashaallah, kaka!" akasema Mutasim, na alisema kwa moyo. Akasogea karibu alitazame. "Sasa washa na pampu, nikaoge."

Yaarub akawasha pampu. Sijui niseme nini. Dude likalemewa, likaanza kutweta, bomba la moshi likavuja kitu cheusi kizito mfano wa lami. Kisha likakohoa kikohozi kimoja kikubwa, likatema, likafa. Na Mutasim alikuwa amesimama palepale mbele ya bomba, akitazama. Ile kanzu nyeupe sikuitambua tena.

Alijitazama, akamtazama kaka yake, akatoa simu mfukoni akampigia dalali wa Tanga. "Yule mteja uliyeniambia," akasema, "mlete kesho." Akaingia ndani kubadilisha nguo. Bi Shamsiya alikaa chini kwenye mchanga, chetezo bado kinafuka mkononi mwake. Yaarub akashika tama barazani, koti lake bado mwilini, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia, jambo lililonikera zaidi.

Nikampigia Godlisten mimi. Akaja na bodaboda, akachomoa nozeli moja, akachungulia bomba, akagusa kile cheusi kwa kidole akakinusa.

"Mzee, ulikuwa unaiwasha na mzigo gani?"

"Taa," akasema Yaarub.

"Taa ngapi?"

Nikajibu mimi, "Moja. Mchana."

Godlisten alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akaeleza, na alieleza kwa sauti ya kusikika na majirani, maana fundi yule hajui sauti nyingine. Injini kubwa kama ile ikiwashwa bila kazi haipati moto wa kutosha. Dizeli haiungui yote, inageuka masizi na mafuta mabichi, inajaza nozeli, inaziba bomba. "Ijumaa zako zote hizo, mzee, ulikuwa unaikaba koo. Haikuwa inalindwa. Ilikuwa inauawa."

Akasafisha alichoweza. Akachokoa bomba, masizi yakamwagika ndoo nzima. Kisha akasema mengine hayatoki kwa mkono, yatatoka kwa moto. Lazima iwashwe ibebe mzigo mzito, mchana kutwa, mpaka iyachome yenyewe. "Nyumba hii ina nini? Jokofu, pampu, feni? Huo ni utani. Nataka mafriza. Nataka mashine ya kuchomelea. Mzee, tafuta mzigo."

Bi Shamsiya akasimama. Akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu, akaelekea mlangoni. Yaarub akajua anakokwenda.

"Shamsiya! Shamsiya, jicho!"

Akageuka. Mwanamke yule hajawahi kumpandishia mumewe sauti, mimi nakaa nao, najua. "Jicho gani tena, Yaarub? Nyumba yenyewe inakwenda! Waache walione mpaka wachoke!"

Akaenda moja kwa moja kwa Jumbe. Msisahau, kijiji kilikuwa hakina umeme, na mafriza manne ya Jumbe yalikuwa yanatoa maji kwa chini. Jumbe alikuja mbio na waya begani na kidumu cha dizeli mkononi. Nyuma yake Hafsa muuza barafu na friza lake, akilisukuma kwenye mkokoteni kwa sababu waya wake haukufika. Akaja mchomeleaji. Wakaja watu wa msikitini kwa ajili ya pampu ya kutawadhia. Kila mtu na waya, kila mtu na kidumu, na kila mtu akiingia uani alisema mashaallah kwa sauti, wengine wakimtazama Yaarub kwa pembe ya jicho, maana habari zake walizijua zote. Friza langu, niliwahi mimi kulichomeka kabla ya wote. Sikumwomba mtu.

Godlisten akaunganisha moja moja. Mwanzoni moshi ulitoka mweusi mpaka nguo kwenye kamba zikaharibika, na Hafsa akaapa tumemuulia mapafu. Lilipoingia friza la mwisho la Jumbe, mashine ikashuka sauti. Tukadhani imekufa. Kumbe imetulia. Mngurumo ukawa mnene, wa chini, na moshi ukaanza kupungua, ukawa wa kijivu, alasiri ukawa hauonekani. "Sasa inakula," akasema Godlisten. Yaarub alikwenda akaweka kiganja juu ya ubavu wake wa buluu. Kando yake alisimama Jumbe, wanatazama kitu kimoja, na hakuna kilicholipuka.

Mutasim alioga. Maji yalitoka. Lakini mteja alikuwa ameshaitwa.

Asubuhi, umeme bado haujarudi, Mutasim akatoka uani akakuta hali. Waya zimepita juu ya ukuta, chini ya mlango, dirishani, mpaka chumba cha kulia. Hafsa yuko ukumbini na friza lake, anauzia watu barafu dirishani. Kina mama wamekuja kuchaji simu, wamekaa na watoto kwenye ngazi. Mutasim akamvuta kaka yake pembeni, pembeni penyewe ni mlangoni kwangu. "Kaka, mteja anakaribia. Waambie hawa watoe waya zao, saa moja tu, nyumba ionekane."

Nikamtazama Yaarub. Huyu ni mtu aliyeninyima mimi waya mmoja. Alikuwa na nafasi ya kuwafukuza wote, na Jumbe wa kwanza, kwa idhini ya mdogo wake.

"Siwezi," akasema. "Nikizitoa mashine itakufa."

Mwongo mkubwa! Godlisten alikuwa ameshasema imepona, inaweza kuzimwa hata siku nzima. Nililisikia kwa masikio yangu haya mabovu, na Yaarub alilisikia. Nikafunga mdomo wangu, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Mteja akaja na dalali, bwana mmoja wa viatu vinavyong'aa, anataka kufanya hoteli. Akaruka waya mlangoni, akajikwaa kwenye waya wa pili, akamkuta Hafsa. Akauliza hawa ni kina nani. Yaarub akamwambia, kwa adabu ya mababu zake wote, "Hawa ni mzigo wa mashine." Mteja akauliza wataondoka lini. Jumbe akamjibu kutoka juu ya ukuta kwamba kijiji hakina mpango wa kuondoka. Yule bwana alizunguka kidogo, akachungulia kisima, akarudi garini. Alimwambia dalali kitu, tukaona mikono tu ikitikisika, gari likaondoka.

Nilidhani Mutasim atawaka. Alikaa kwenye ngazi, katikati ya kina mama na simu zao, mtoto mmoja wa Hafsa akampandia mapajani bila kuulizwa. Yaarub akaja akasimama mbele yake, amejiandaa kugombana.

"Unakumbuka," Mutasim akasema, "baba alivyokuwa akifunga mlango ule? Tumekua humu, hajaingia mtoto wa jirani hata mmoja. Alisema wataona tulichonacho."

"Nakumbuka."

"Na hatukuwa na kitu, kaka. Wala hawakuwa na cha kukiona." Akamshika mtoto asianguke. "Mimi sikukimbia giza. Kule nako nimekaa gizani sana, peke yangu. Nilikuwa naogopa kuzeeka ndani ya nyumba asiyoigonga mtu. Siuzi. Kaeni."

Yaarub akaketi chini pale ngazini akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya Jumbe na kijiji kizima. Bi Shamsiya akaja akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake, naye akilia. Nikalia na mimi. Hakuna aliyetuuliza tunalilia nini, na mashine ikaendelea kunguruma mpaka jioni, wala hakuna aliyeifunika.